Mtoto Si Mpangaji

Msomaji mpenzi, katika lugha yetu neno moja huweza kubeba mizigo miwili. Mtu asiye na nyumba yake hupanga chumba kwa mwenye nyumba, naye huitwa mpangaji. Na mtu aliyemchukua mtoto asiyemzaa akamfanya wake, watu wa zamani walisema amempanga, na mtoto yule akaitwa mtoto wa kupanga. Siku hizi katika Kenya twasema zaidi kuasili mtoto, yaani kumpa asili. Maneno haya mawili hutumika kwa jambo moja, lakini uzito wake si sawa. Mpangaji hukaa kwa ridhaa ya mwenye nyumba: akilipa atakaa, asipolipa vyombo vyake vitatolewa nje. Mwenye asili hatolewi. Hata akikosa adabu, hata akiugua, hata mali ikiisha, yeye ni wa nyumba ile, na hakuna wa kumwuliza hati ya malipo.

Nataka kukueleza katika kurasa hizi jinsi watu wa nchi yetu, tangu zamani hata leo, walivyojitahidi kumvusha mtoto kutoka hali ya mpangaji mpaka hali ya mwenyeji, na maandalizi gani waliyataka yafanywe kabla ya kumvusha. Usidhani kuwa hili ni jambo la watu wazima peke yao. Mtoto ndiye anayevushwa, na huenda mtoto yule ni jirani yako wa dawati moja.

Mimi nilianza kulifikiri jambo hili darasani. Nilikuwa nikifundisha historia katika shule moja ya Umoja, mashariki ya Nairobi. Kama hukuujua mtaa huu, ukitoka Buruburu ukavuka barabara ya Outer Ring kuelekea mashariki, utakuwa umefika. Nyumba zake za kwanza zilijengwa na Baraza la Jiji katika miaka ya 1970, kwa msaada wa mikopo iliyodhaminiwa na Marekani. Waliogawiwa nyumba zile hawakuwa wapangaji wa kawaida. Walilipa kidogo kidogo, mwezi hata mwezi, mwaka hata mwaka, mpaka nyumba ikawa mali yao. Baadaye wengi walijenga vyumba juu ya vyumba, ghorofa juu ya ghorofa, wakapangisha. Na leo Umoja ni mtaa wa wapangaji maelfu kwa maelfu. Basi watu wa huko hawana haja ya mwalimu awaeleze tofauti ya kupanga na kumiliki. Wanaijua kila mwisho wa mwezi.

Siku moja niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili kazi ya kuandika nasaba zao: jina la mzazi, la babu na la baba wa babu. Siku ya kukusanya karatasi, kijana mmoja alileta karatasi yenye majina mawili tu, lake na la mama yake. Pengine pote palikuwa peupe. Nilipomwita kando alinitazama akasema, "Mwalimu, mimi niliokotwa. Niliambiwa mwezi uliopita. Je, mtu wa namna yangu ana historia?"

Hakuambiwa na mama yake. Jirani mmoja, katika ugomvi wa zamu ya kuanika nguo, alimtupia mama yule neno kwamba mtoto anayejivunia si wake, na kijana alikuwa akipanda ngazi. Nilimjibu haraka kwamba kila mtu ana historia. Jibu lile lilikuwa la adabu, halikuwa la elimu, naye alilijua hivyo, maana alichukua karatasi yake akaenda zake bila kusema neno. Insha hii ni jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Tuanze mbali kidogo. Kabla ya serikali za kikoloni kuja, makabila yetu hayakuwa na mahakama za kuandikisha watoto, lakini si kweli kwamba yalikosa sheria juu ya jambo hili. Miongoni mwa Wakikuyu, mgeni au mtoto wa watu wengine aliweza kuingizwa katika ukoo kwa desturi iliyoitwa "gũciarwo na mbũri", maana yake kuzaliwa kwa mbuzi. Mbuzi alichinjwa mbele ya wazee, maneno yakasemwa, nyama ikaliwa pamoja, na tangu siku ile yule aliyekuwa mgeni alihesabiwa kuwa amezaliwa pale. Tazama neno walilolichagua. Hawakusema amekaribishwa, wala amesaidiwa, bali amezaliwa.

Kwa Wakamba, mwanamke aliyekosa mtoto aliweza kutoa mahari akaoa mwanamke mwingine, aliyeitwa "iweto", na watoto aliowazaa yule wakawa watoto wa nyumba ya mwanamke aliyetoa mahari. Kwa Wajaluo, mtu alipokufa, ndugu katika ukoo aliweza kumtunza mjane, na watoto waliozaliwa baadaye wakaitwa kwa jina la marehemu, ili nyumba yake isizimike. Desturi hizi zina mambo mengi ambayo watu wa leo wanayakosoa, nami sikuambii uzitamani zote. Lakini jambo moja zinakubaliana. Ubaba na umama haukuwa jambo la damu peke yake. Ulikuwa jambo lililotangazwa hadharani, likashuhudiwa na watu ambao kesho wangeweza kuulizwa. Mzee aliyekula nyama ya mbuzi yule alikuwa hati. Mtu akithubutu kumwambia kijana, "Wewe si wetu," wazee kumi wangesimama na kusema, "Sisi tulikuwapo."

Sasa tazama yaliyotokea pale ushahidi ulipokosekana. Mnamo mwaka 1890 na 1891 sotoka iliwaua ng'ombe wa Wamaasai, na ndui ikafuata ikawaua watu. Mnamo mwaka 1898 mpaka 1900, wakati reli ya kutoka Mombasa ilipokuwa ikifika Nairobi, njaa kubwa iliwapiga Wakikuyu na Wakamba. Katika miaka ile ya dhiki, watu wa nyumba zilizokwisha chakula waliwapeleka watoto wao kwa jirani waliokuwa na shamba lililosalimika, wakapewa nafaka. Wamaasai wengi waliwaacha watoto na wake zao kwa Wakikuyu namna hii. Mtoto yule alikuwa nani? Hakuwa mtumwa, maana hakuuzwa moja kwa moja. Hakuwa mwana, maana hakuzaliwa kwa mbuzi. Alikuwa rehani, kitu kilichowekwa mpaka deni lilipwe. Mvua iliponyesha na ng'ombe walipoongezeka, wazazi wengine walirudi kudai watoto wao. Wengine waliwapata, na wengine walikuta binti ameolewa, au kijana amesahau lugha ya mama yake. Wengine hawakurudi kamwe, kwa kuwa walikufa njiani. Hata leo zipo jamaa za Wakikuyu zinazokumbuka kwamba bibi fulani alikuwa Mmaasai. Wengi katika watoto wale walipendwa, wakaoa na kuolewa, wakawa wazazi wa ukoo. Lakini miaka mingi walikaa katikati, hawakujua kama wako nyumbani au wako katika nyumba ya watu. Njaa haikungoja maandalizi, na mtoto ndiye aliyelipa.

Huko pwani hali ilikuwa nyingine. Uislamu ulikuwa umekaa karne nyingi katika miji ya Lamu, Mombasa na Malindi, na dini hii inamtukuza mtu anayemlea yatima. Mtume Muhammad mwenyewe alikuwa yatima, akalelewa na babu yake na kisha na ami yake Abu Talib. Lakini sheria ya Kiislamu inakataza kulifuta jina la baba aliyemzaa mtoto na kuweka la mlezi mahali pake. Malezi haya huitwa kafala. Mlezi hulisha, huvisha, husomesha na hupenda; mtoto naye hubaki na nasaba yake, na kwa kuwa harithi kama mwana wa kuzaliwa, mlezi huweza kumwandikia wasia katika theluthi ya mali yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto, uliotolewa mwaka 1989 na kukubaliwa na Kenya mwaka 1990, umeitaja kafala pamoja na kuasili kuwa njia halali ya kumpa mtoto malezi. Ipo hekima hapa isiyowahusu Waislamu peke yao: mtoto asidanganywe juu ya mahali alikotoka.

Pwani hiyo hiyo iliwaona pia watoto walionyang'anywa asili kwa nguvu. Biashara ya watumwa iliwatoa watoto bara, katika nchi za ziwa Nyasa na kwingineko, ikawapakia majahazini. Manowari za Kiingereza zilipoyakamata majahazi hayo, hapakuwa na njia ya kuwarudisha makwao. Mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana walianzisha makao ya watumwa waliokombolewa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mahali palipoitwa Freretown, na watoto wengi walilelewa pale. Walipewa chakula, shule, dini na majina mapya. Babu wa kuwasimulia hawakuwa nao. Hata hivyo hawakukaa bure bila historia. James Mbotela, aliyetokana na watu wale, aliandika kitabu cha Kiswahili juu ya habari zao, Uhuru wa Watumwa, kilichotolewa mwaka 1934. Na ukitaka kuliona jina hilo Nairobi, huna haja ya kwenda mbali na Umoja. Upo mtaa wa Mbotela, katika upande huu huu wa mashariki ya jiji, uliopewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa wa nasaba ya Freretown aliyeuawa mwaka 1952. Jina la watu waliotolewa kwao kwa minyororo sasa ni anwani ya maelfu ya watu.

Sasa tuje kwenye sheria iliyoandikwa. Usidhani kuwa Wazungu walizaliwa nayo. Warumi wa kale waliasili, lakini aghalabu waliasili watu wazima ili wapate warithi. Octavian, aliyekuja kutawala Roma, aliasiliwa kwa wasia wa Julius Caesar mwaka 44 kabla ya Kristo, naye alikuwa kijana wa miaka 18. Kumwasili mtoto kwa faida ya mtoto mwenyewe ni fikira changa katika sheria zao. Jimbo la Massachusetts katika Marekani lilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1851, na Uingereza ilikuwa haijatunga yake mpaka mwaka 1926. Kutoka Uingereza sheria ikaletwa Kenya na serikali ya kikoloni, na Kenya huru ikairithi katika vitabu vyake vya sheria kama Sura ya 143.

Katika miaka ile ya ukoloni, desturi ya mbuzi ilikuwa imeanza kupoteza nguvu mijini. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na mwezi Aprili 1954 askari waliizingira Nairobi, wakawakamata watu maelfu. Jamaa zilitawanyika, na watoto wakabaki barabarani. Ndipo mwaka 1955 kilipoanzishwa Chama cha Ustawi wa Watoto cha Kenya, na mwaka 1959 Geoffrey Griffin na wenzake wakafungua makao ya Starehe kwa ajili ya wavulana wasio na makwao. Miaka 40 baadaye msiba mwingine ulikuwa umeingia. Ukimwi uliua wazazi wengi hata serikali ikautangaza kuwa janga la taifa mwaka 1999. Bibi walizika watoto wao wakalea wajukuu, mpaka bibi nao wakachoka. Katika hali hiyo Bunge lilipitisha Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika mwaka 2002, ikakusanya pamoja sheria zilizokuwa zimetawanyika. Nayo ilifuatwa na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, ambayo iliipokea njia ya msingi ya kuasili, na kazi za kamati ya zamani ya kuasili ikazikabidhi kwa Baraza la Taifa la Huduma za Watoto.

Hebu tuione njia hiyo yenyewe, maana hapo ndipo utakapoona kwamba mbuzi wa zamani hakufa. Amevaa nguo nyingine. Tuseme wapo mume na mke wa Umoja, mume ni fundi wa magari na mke ana duka la nguo karibu na Mutindwa, nao kwa miaka kadhaa hawakujaliwa mtoto. Wakaamua kuasili. Jambo la kwanza litakalowashangaza ni kwamba hawawezi kwenda katika makao ya watoto wakachagua mtoto kama mtu achaguavyo shati. Hapana budi waende kwa shirika la kuasili lililosajiliwa. Huko watatakiwa kuleta vitambulisho, cheti cha ndoa, hati za mapato, taarifa za daktari, cheti cha polisi cha mwenendo mwema, na majina ya watu wanaoweza kuwashuhudia. Kisha mfanyakazi wa ustawi wa jamii atawatembelea nyumbani. Atatazama mahali mtoto atakapolala, lakini hilo si kubwa. Chumba kimoja safi cha Umoja chaweza kutosha, na jumba kubwa laweza kukataliwa. Atawauliza maswali yanayochoma: Kwa nini mnataka mtoto? Mmekwisha kulia kwa ajili ya yule mliyemkosa? Mama mkwe anasemaje? Mkijaliwa kuzaa baadaye, huyu atakuwa nani? Mtamwambia lini?

Msomaji, yatafakari maswali hayo. Wazee wa zamani hawakuwauliza watu kwa kalamu na karatasi, lakini walilotaka kulijua ni lile lile. Walitaka kujua kama nyumba nzima imekubali, maana mkono mmoja haulei mwana.

Kwa upande wa mtoto pia yapo maandalizi. Mtoto hawezi kuasiliwa kabla ya kutimiza wiki 6, ili mama aliyemzaa asiulizwe akiwa bado katika uchungu na hofu ya siku za kwanza. Ikiwa mtoto aliokotwa, polisi huandika habari zake katika kitabu cha matukio, kisha hungojwa miezi 6 ili ijulikane kama yupo mtu wa kumdai. Hapo tu, kwa barua ya pili ya polisi, ndipo anapoweza kutangazwa kuwa yu huru kuasiliwa. Wapo watu wanaolalamika kwamba muda huo ni mrefu, na kwa hakika ni mrefu kwa mtoto aliye kitandani katika makao, ambaye kila juma anamsahau mlezi mmoja na kumzoea mwingine. Lakini kumbuka wale watoto wa rehani na wazazi waliorudi baada ya njaa. Sheria inangoja kwa sababu mtu anaweza kurudi.

Mtoto na wazazi wakikwisha kukutanishwa, hukaa pamoja miezi 3 mfululizo kabla ya maombi kupelekwa mahakamani. Mahakama humteua mlezi wa kesi, ambaye kazi yake ni kumtetea mtoto peke yake, si wazazi. Chini ya sheria ya mwaka 2001, mtoto aliyetimiza miaka 14 hakuweza kuasiliwa bila ridhaa yake mwenyewe. Wewe unayesoma huenda una umri huo. Fikiri ungejibu nini. Hakimu akiridhika hutoa amri, na tangu saa ile mtoto huhesabiwa katika sheria kama aliyezaliwa na wazazi wale ndani ya ndoa yao. Jina lake huandikwa katika daftari la watoto walioasiliwa. Anarithi kama ndugu zake. Lile lililofanywa na mbuzi na wazee kumi, sasa limefanywa na muhuri. Na fedha hazina nafasi hapa: mtu anayelipa au kulipwa ili apate kumtoa mtoto amevunja sheria, maana kitu kinacholipiwa ni bidhaa, na mtoto si bidhaa.

Nimelisema hili la fedha kwa kuwa ni hatari iliyo hai. Mwezi Novemba 2020 shirika la utangazaji la BBC lilitoa uchunguzi wake juu ya watoto wanaoibwa na kuuzwa katika Nairobi. Wengi walistaajabu, lakini mwalimu wa historia alipaswa kujiuliza: ni nani anayenunua? Si kila mnunuzi ni mwovu. Baadhi yao ni wanawake waliotukanwa utasa na mawifi, walioogopa njia ndefu ya sheria kwa sababu njia ile ina mashahidi, nao walitaka jambo lisijulikane. Mwanamke wa namna hiyo hujifunga nguo tumboni miezi kadhaa, kisha husafiri, kisha hurudi na mtoto mikononi. Majirani hupiga vigelegele. Lakini mtoto yule ana jina la uongo na cheti cha uongo, na pengine mahali fulani katika jiji hili yupo mama mwingine anayemlilia. Kwa kuogopa aibu moja, watu wamemweka mtoto katika hali ya rehani, na rehani hii haina tarehe ya kulipwa. Serikali nayo, kwa hofu ya biashara kama hiyo, ilisimamisha mwaka 2014 kuasiliwa kwa watoto wa Kenya na wageni, ingawa nchi ilikuwa imejiunga tangu mwaka 2007 na mkataba wa Hague unaosimamia mambo hayo.

Basi yule kijana wangu alikuwa wa namna gani? Nashukuru kusema kwamba mama yake hakumnunua. Baada ya majuma mawili alikuja shuleni mwenyewe, mwanamke mnyamavu, akiwa na bahasha ya kahawia iliyochakaa. Alikuwa amefuata sheria hatua kwa hatua: shirika, mfanyakazi wa ustawi, miezi 3, mahakama. Kosa lake lilikuwa moja tu. Alipomaliza, aliifunga bahasha katika sanduku chini ya kitanda, akahamia Umoja mahali asipojulikana, akanyamaza. Aliniambia, "Mwalimu, nilifikiri nikimwambia nitamrudisha barabarani." Nilimwambia kwamba mtoto hakurudishwa na ukweli. Alirudishwa na jirani, kwa kuwa jirani ndiye aliyetangulia. Alilia kidogo, kisha akaniuliza kama yawezekana nikae nao wakati anapofungua karatasi zile mbele ya mwanawe. Nilikubali.

Na hapo, msomaji, ndipo nilipopata jibu la swali nililolikimbia. Katika bahasha mlikuwa na nambari ya kitabu cha matukio cha polisi, yenye tarehe na saa aliyookotwa, na neno kwamba alikuwa amefungwa katika kanga. Mlikuwa na nakala ya kitabu cha makao, iliyoandika uzito wake siku aliyopokelewa. Mlikuwa na taarifa ya mfanyakazi wa ustawi, iliyoeleza jinsi mtoto alivyolia siku ya kwanza na kunyamaza siku ya tatu. Mlikuwa na amri ya mahakama. Katika darasa zima la wanafunzi 50 na zaidi, hakuna hata mmoja aliyekuwa na ushahidi ulioandikwa wa maisha yake ya mwanzo kama huo. Wengine walileta majina waliyosimuliwa na bibi zao. Huyu alikuwa na hati, na mwanahistoria yeyote angemwonea wivu. Maandalizi yote yale yanayowachosha watu, zile karatasi, maswali na miezi ya kungoja, ndiyo yaliyomwandikia historia wakati asipokuwa na mtu wa kumsimulia.

Nilimwonyesha pia Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Kifungu cha 14 kinasema kwamba mtoto anayekutwa katika Kenya, anayeonekana kuwa na umri usiofika miaka 8, na ambaye uraia wake na wazazi wake havijulikani, huhesabiwa kuwa raia kwa kuzaliwa. Neno ni lile lile la wazee wa mbuzi: kuzaliwa. Mahali ambapo shahidi mwingine hayupo, nchi nzima imesimama kuwa shahidi.

Kijana alitazama karatasi muda mrefu. Hakufurahi upesi kama wafanyavyo watu katika hadithi. Aliuliza juu ya ile kanga, ilikuwa ya rangi gani, na hakuna aliyejua. Kuna mambo ambayo hati hazisemi, na mtu aliyeasiliwa huenda akayauliza maisha yake yote. Mzazi mwema hakasiriki kwa maswali hayo. Lakini siku iliyofuata aliniletea tena ile karatasi ya nasaba. Alikuwa ameandika jina la baba wa mama yake na la babu wa mama yake, kama wenzake wote. Pembeni, kwa herufi ndogo, aliandika tarehe aliyookotwa na tarehe ya amri ya mahakama. Nilimpa alama kamili, wala sikumpa kwa huruma.

Sasa wewe, msomaji mpenzi, siku moja utakuwa mzazi, au ami, au shangazi, au jirani wa ngazi moja. Ukiwa mzazi wa kuasili, jitayarishe mapema: uandae ukoo kabla ya kitanda, na ukweli kabla ya jina, na umwambie mtoto habari zake angali mdogo, kwa maneno madogo, ili zikue pamoja naye. Ukiwa jamaa, kubali kuwa shahidi, siku mtoto anapoletwa, nenda, kula nao, ili kesho uweze kusema, "Mimi nilikuwapo." Na ukiwa jirani, uchunge ulimi wako katika ugomvi wa kamba za nguo. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na anayelea ana haki ya kuitwa mzazi bila ya kutajiwa kodi.